Mikate Miwili, Lari Tatu

Saa kumi na moja alfajiri, Kutaisi ingali inakoroma.
Nainama ndani ya tanuri mpaka kiunoni,
nabandika donge la unga ukutani, nachomoka:
uso wangu umeiva kabla ya mkate.

Wa kwanza ni Bi Guliko, siku zote.
Hata salamu hajatoa.
"Mtindi," anasema. "Paka usiku, lala nao.
Mpwa wangu alikuwa kama wewe, tena kuzidi."
Mikate miwili, Bi Guliko. Lari tatu.
Anahesabu sarafu zake na chunusi zangu
kwa jicho lile lile.

Zauri wa lori la bia anasema ni damu chafu.
Mwalimu wa piano anasema ni jozi, niache kula jozi,
katika mji huu
ambako hata biringanya haliendi mezani bila jozi!
Mke wa kasisi hasemi kitu. Anaashiria kanisani kwa kidevu,
kana kwamba kuna dhambi niliyoificha
nayo imeamua kutokea shavuni.

Mmoja, mgeni, alinigusa.
Kidole baridi, kinanuka sigara,
hapa, penye kovu lililo kama punje ya komamanga.
"Ungekuwa mzuri," akasema, "kama si hivi."
Nilimrudishia chenji yake, kamili.
Lile "kama" nikaenda nalo nyumbani,
nikalala nalo badala ya mtindi.

Wanadhani kwetu hakuna kioo.
Miaka tisa, jamani.
Madaktari watatu, mmoja wa Tbilisi aliyekula mshahara wa mwezi
bila kuinua macho kwenye karatasi zake.
Vidonge vilivyonipasua midomo
hata kucheka nikawa nacheka kwa pua.
Kiberiti, udongo, kitunguu saumu,
mkojo wa mtoto wa dada yangu (ndiyo, hata huo,
na mtoto mwenyewe ameshaanza shule, ananiita shangazi,
hajui tulichofanya).

Mama husema: wanakupenda, ndiyo maana wanasema.
Basi wanipende wamefunga mdomo.

Halafu wananyoosha kidole rafuni:
"Nipe ule wenye malengelenge,
ule, ulioungua kidogo pembeni."
Nawapa.

Jana jioni alikuja msichana, labda miaka kumi na minne.
Nywele ameziteremsha mpaka nyusini,
skafu mpaka kidevuni, na ni mwezi wa Juni.
Ile skafu naijua. Niliwahi kuishi ndani yake.
Nikasikia ulimi wangu unajiandaa wenyewe:
*mwanangu, jaribu...*
Neno likafika kwenye meno,
lina ladha ya Bi Guliko.
Nikalimeza. Lilikwaruza koo kama ganda la mkate wa juzi.

"Mmoja au miwili?"
"Mmoja."
"Ni wa moto. Ushike kwa karatasi."

Huo ndio ushauri wote aliopata kwangu.
Aliumega kabla hajavuka barabara,
na ili nywele zisiingie mdomoni
akazisukuma nyuma ya sikio, zote,
akatafuna huku akitazama magari.

Leo asubuhi, tanuri halijatulia,
Bi Guliko huyo, mkoba kwapani:
"Je, ulipaka?"
"Nilikula," nikamjibu. "Kwa tango, na chumvi kidogo.
Lari tatu."